Mkusanyaji mpya wa sarafu asianzishwe na bei

Vijana wanaoanza kukusanya sarafu hapa Dar huja na swali moja: "Mzee, hii inauzwa shilingi ngapi?" Siwalaumu. Wamekua wakisikia habari za mali za Mjerumani zilizofukiwa na rupia zinazonunuliwa kwa mamilioni. Ninaowalaumu ni sisi wakongwe. Wapo wanaomcheka kijana, na wapo wanaomnyang'anya alicho nacho kwa bei ya kutupa. Akishagundua alivyopunjwa, harudi tena.

Mimi nasema mgeni ashikishwe sarafu kwanza, bei ije baadaye. Mpe ndururu (senti tano) ya 1966 yenye samaki, senti ishirini yenye mbuni, thumni (senti hamsini) yenye sungura na shilingi yenye mkono ulioshika mwenge, zote zikiwa na sura ya Mwalimu Nyerere upande wa pili. Ndizo sarafu za kwanza za shilingi yetu, za mwaka uleule Benki Kuu ilipoanza kazi. Hazina thamani kubwa sokoni, na ndiyo maana zinafaa kujifunzia.

Kisha mwekee mezani shilingi mbili za Afrika Mashariki za enzi ya Mwingereza, zile zenye simba na milima: moja ya 1924, nyingine ya 1949. Usimwambie kitu. Mwache azigeuze, alinganishe rangi na jinsi zilivyolika. Ya kwanza robo yake ni fedha. Ya pili ni shaba na nikeli tupu. Kijana akiiona tofauti hiyo kwa macho yake mwenyewe, umempa kinga ambayo dalali hataivunja kwa maneno matamu.

Jambo la kusafisha aambiwe siku ileile, kabla hajafika nyumbani. Mgeni husugua kwa limau na majivu kwa sababu ameipenda sarafu yake, anataka ing'ae. Itang'aa kweli, lakini ngozi yake ya juu imeondoka na hakuna wa kuirudisha, na mkusanyaji makini hataitaka. Joto na hewa ya chumvi ya mji huu vinatosha kuzisumbua. Aweke kwenye bahasha za karatasi kavu; plastiki laini za bei rahisi huacha utelezi wa kijani.

Lazima ataulizia dhahabu ya Tabora, rupia 15 yenye tembo, iliyotengenezwa 1916 Wajerumani walipokuwa wamezingirwa vitani. Msimulie yote bila kumbania. Halafu mwambie wazi kwamba za bandia ni nyingi, na akiletewa moja barabarani Kariakoo asitoe hata shilingi.

Wenzangu wengine husema ukimfundisha mgeni umejiongezea mshindani. Sikubaliani nao. Kopo la vifungo la bibi yake kule Temeke sisi hatutalifungua kamwe. Yeye atalifungua, na akikuta senti yenye tundu asiyoijua, atamletea yule aliyempokea vizuri.