Kupima punje za chuma: programu ya picha iaminiwe kwa kiasi gani?

Tangu treni za reli ya kisasa zianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, na wakati majengo ya Mji wa Serikali yakiendelea kupanda pale Mtumba, ubora wa chuma umekuwa suala linalotugusa sisi wa mikoa ya kati moja kwa moja. Sehemu ya suala hilo huamuliwa chini ya hadubini. Chuma kikikatwa, kikang'arishwa na kupakwa tindikali hafifu huonekana kuwa kimeundwa na punje ndogo za fuwele zilizobanana. Wanasayansi Hall mwaka 1951 na Petch mwaka 1953 walionesha kwamba kadiri punje hizo zinavyokuwa ndogo, ndivyo chuma kinavyohimili nguvu kubwa zaidi kabla ya kupinda na kubaki kimepinda. Reli mbili zinapounganishwa kwa kuyeyushwa, joto hukuza punje zilizo jirani na kiungo, na mkaguzi hulazimika kujua zimekua kiasi gani.

Ubishi uliopo ni kama kazi ya kuzihesabu punje hizo iachiwe jicho la mtaalamu au programu ya kompyuta. Kwa njia ya zamani, mtu hulinganisha anachokiona na chati, au huchora mistari juu ya picha na kuhesabu ni mara ngapi inakata mipaka ya punje. Kiwango cha Marekani kiitwacho E112 hugeuza hesabu hiyo kuwa namba moja, G. Katika ukuzaji wa mara 100, G ya 7 ni punje 64 kwa kila inchi ya mraba, na G ya 8 ni punje 128. Yaani kila namba inapopanda kwa moja, idadi ya punje huongezeka maradufu, maana yake punje ni ndogo zaidi.

Wanaoitetea programu wana hoja nzito. Jicho huchoka, na wataalamu wawili wakitumia chati ileile wanaweza kupishana kwa nusu namba au zaidi. Programu, hata ya bure kama ImageJ iliyotengenezwa katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, hupima mamia ya punje kwa muda mfupi na kutoa mtawanyo wa ukubwa wake. Kwangu mimi faida hii ya mwisho ndiyo kubwa kuliko zote, kwa sababu wastani unaweza kuficha punje chache kubwa mno zilizozungukwa na ndogo, na udhaifu wa chuma mara nyingi hukaa kwenye hizo chache.

Hata hivyo, programu haioni chuma. Inaona picha, na picha hutokana na mikono ya aliyeandaa sampuli. Chukua kipande cha nondo kilichosuguliwa kwa misasa, kuanzia ya kukwaruza hadi laini kabisa, kisha kikang'arishwa juu ya kitambaa. Katika miezi ya kiangazi, upepo wa Dodoma huingiza vumbi kila mahali, na chembe moja ya mchanga ikitua kwenye kitambaa hicho huacha mkwaruzo mrefu, kwa kuwa mchanga ni mgumu kuliko chuma cha nondo. Mtaalamu akiuona hujua ni mkwaruzo. Programu inaweza kuuhesabu kuwa mpaka na kuigawa punje moja kuwa mbili. Jambo hilo likitokea kwa kila punje, G hupanda kwa namba nzima, na chuma chenye punje kubwa huandikwa kuwa chema. Tindikali ikikaa muda mfupi mno, hali hugeuka: mipaka haijitokezi yote, punje jirani huunganishwa kuwa moja, na chuma kizuri hukataliwa. Kwenye shaba ya njano na baadhi ya vyuma visivyoshika kutu, mistari ya punje pacha, yaani mistari iliyonyooka inayojitokeza ndani ya punje moja, huongeza utata uleule.

Kosa la namna hii ni baya kuliko la jicho lililochoka, kwa sababu hurudiwa kwa uthabiti. Picha ishirini zilizoandaliwa vibaya kwa namna moja zitatoa majibu yanayokubaliana, na makubaliano hayo husomwa kama usahihi.

Kwa hiyo naiunga mkono programu, kwa sharti kwamba maabara inayoanza ianze kwa kugharamia chumba kisichoingiza vumbi, vitambaa safi na fundi sanifu aliyezoea kutumia tindikali, na leseni ya programu ghali ifuate baadaye. Mtu aikague mipaka iliyochorwa na kompyuta kabla ya namba kutolewa. Ripoti iambatishwe picha halisi, skeli ya picha, na aina ya tindikali pamoja na muda uliotumika, ili mwingine aweze kuhesabu upya. Na pale G inapoangukia karibu kabisa na mpaka wa kukubali au kukataa, sampuli isuguliwe tena kutoka mwanzo na ihesabiwe kwa mkono.