Ndege ya Dizeli si Lori la Mariakani

Jumapili iliyopita nilikuwa nimekaa barazani kwa dada yangu, Majengo, mahamri na mbaazi mbele yangu, mara mpwa wangu akaingia na begi lake la chuo. Siku ile alitakiwa awe angani. Nikamuuliza, "Mbona mapema?"

"Ndege ziko chini, Mjomba. Avgas hakuna."

"Tangu lini?"

"Leo siku ya kumi na tisa."

Avgas ndiyo petroli ya ndege ndogo. Binti ana saa 31 za kuruka kwenye daftari lake. Amebakisha tisa tu azifikie zile 40 ambazo bila hizo hapewi leseni ya rubani binafsi. Mwanafunzi wa urubani akikaa karibu wiki tatu bila kuruka, mkono husahau. Saa ya kwanza akirudi inakwisha kwa kukumbuka alichokwisha kukijua, na saa hiyo inalipiwa kama nyingine zote. Anayelipa ni dada yangu, muuza madera wa Kongowea.

Nikatoa simu nimwonyeshe brosha ya ndege ya mazoezi inayotumia dizeli, maana chuo chao (sikitaji jina) kimeanza kunong'ona kwamba huenda kikanunua moja. Ami yake akachungulia kwa bega, akacheka mpaka kahawa ikamwagikia kikoi. "Ndege ya dizeli! Itapanda ikifuka moshi kama lori la Mariakani?" Baraza zima likaangua kicheko.

Mimi nimeshika spana za dizeli miaka 27 kwenye boti za kuvuta meli hapo Kilindini. Sikucheka.

Kwanza, Ami, dizeli ilipanda angani kabla wewe hujazaliwa. Packard wa Marekani waliirusha mwaka 1928, na mwaka 1931 ndege yenye injini yao ilikaa juu saa 84 na dakika 32 bila kuongezwa mafuta. Rekodi hiyo ilikaa mpaka 1986. Ilikuwa inatetema na kunuka, ndiyo maana haikupata wanunuzi, hilo nakubali. Lakini moshi wa lori la Mariakani si wa dizeli, ni wa mwenye lori. Mtu ana nozeli zimekufa tangu mwaka juzi, kichujio cha hewa hakijui kufunguliwa, halafu lawama anabebeshwa Rudolf Diesel.

Sasa jambo lenyewe. Injini hizi mpya za dizeli zinakula Jet A-1, ile ile ya ndege kubwa. Na Jet A-1 ni nini? Ni mafuta ya taa. Yamesafishwa na kupimwa, yana vyeti vyake, lakini ni ndugu wa tumbo moja na yale bibi zetu waliyokuwa wakitia kwenye kibatari. Siku ukiwa Likoni na feri imesimama kupisha meli, badala ya kutukana, iangalie ile meli. Ikiwa ni ya mafuta, mara nyingi inaelekea Kipevu, na huenda tumboni mwake mna Jet A-1. Mafuta ya ndege ya Nairobi yanapita kwetu. Ya Uganda yanapita kwetu. Kutoka Kipevu mpaka uwanja wa ndege wa Moi ni kama kutoka msikitini kwenda dukani. Sisi tumelala juu ya kisima, halafu mtoto wetu anarudishwa nyumbani kwa kiu.

Avgas, kwa upande wake, ni mafuta ya wachache. Kiwanda chetu cha kusafisha mafuta pale Changamwe kiliacha kusafisha mwaka 2013, kwa hiyo kila kitu kinaagizwa kikiwa tayari, na anayeagiza huanza na kile kinachouzika. Avgas ni ya vindege vya mazoezi, vya safari za mbugani, na matajiri wachache wa kule bara. Inaletwa kidogo kidogo, na kila lita inaizidi Jet A-1 bei kwa mbali. Shehena moja ikichelewa, mwuzaji hapotezi usingizi, riziki yake iko kwenye midege. Anayepoteza ni muuza madera.

Mpwa wangu akanisimulia kisa cha siku ya kumi na mbili. Walikuwa wamekaa kivulini chini ya bawa la Cessna, yeye na wenzake wawili, kwa sababu kutoa kivuli ndiyo kazi pekee ndege ile iliyokuwa ikifanya siku hizo. Wanakula mihogo ya karai. Lori la Jet A-1 likapita mbele yao, taa ya manjano inazunguka juu, likaenda kuijaza ndege kubwa ya watalii. Mwalimu wao akalisindikiza kwa macho mpaka likapotea, akasema, "Tungekuwa na ya dizeli, lile likivuja tu, sisi tunaruka mwezi mzima." Wakacheka. Mimi nilipohadithiwa sikuona cha kuchekesha. Ile ndege moja huenda iliondoka na mafuta ambayo chuo chao hakiyamalizi kwa mwaka.

Halafu kuna kiasi. Cessna 172 yenye injini ya kawaida ya Lycoming, ya avgas, inakunywa lita thelathini na kitu kwa saa. Ya dizeli ya ukubwa huo inakunywa lita ishirini na kitu. Piga hesabu mwenyewe: lita chache, bei ndogo, tena mafuta yenyewe yako mlangoni. (Najua kuna atakayeniambia kwamba Cessna 152 kuukuu nayo inakunywa lita ishirini na kitu. Sawa. Mtie humo mwalimu mmoja wa Kimombasa aliyeshiba biriani na mwanafunzi mmoja, halafu uniambie mmebaki na uzito wa mafuta kiasi gani.)

Na kuna risasi. Simaanishi ya bunduki, namaanisha madini. Avgas ya kawaida inaitwa 100LL, na hizo LL ni kusema risasi yake ni ndogo. Ndogo hiyo inafika gramu 0.56 kwa lita. Agosti 2021 Umoja wa Mataifa, kutoka ofisi zao za mazingira pale Gigiri, ulitangaza kwamba petroli ya magari yenye risasi imekwisha duniani, pampu ya mwisho ilikuwa Algeria. Wakapongezana, na wana haki. Lakini mwendo mfupi kutoka pale, uwanja wa ndege wa Wilson, vindege viliendelea kujazwa ya risasi, kama vinavyojazwa kwetu. Sisi wa Mombasa hatuhitaji kufundishwa risasi ni nini. Tuna mtaa wa Owino Uhuru. Tumeona watoto waliokua ukutani mwa kiwanda cha kuyeyusha betri, tukaona wazazi wakienda mahakamani miaka na miaka, mpaka mwaka 2020 mahakama ikawaamulia shilingi bilioni 1.3, na hata hapo kesi haikuishia hapo. Silinganishi tenki la Cessna na tanuri la betri, msinitie maneno mdomoni. Ninachosema ni hiki: kila asubuhi mpwa wangu hukinga mafuta kidogo chini ya bawa kwenye kikombe cha plastiki, akayainua juani kuangalia kama yana maji, buluu safi kama maji ya Diani, halafu akamwaga chini. Vidole vimelowa. Kisha anakula mihogo. Siku aliyonihadithia hivyo ndiyo siku niliyomnunulia sabuni ya kuweka kwenye begi.

Ulaya wenyewe tangu tarehe 1 Mei 2025 kemikali ya risasi inayotiwa humo haitumiki bila kibali maalumu. Marekani wanataka kuachana nayo kufikia mwisho wa 2030. Wakishaacha wao, sisi tutaletewa nini, na kwa bei gani?

Mengine ni ya kupita tu. Dizeli haina kabureta, kwa hiyo haina barafu ya kabureta, na kwa unyevu wa hapa kwetu barafu hiyo inaweza kuingia hata kuna joto la kutoa jasho. Haina plagi za cheche wala magneto ya kuzitia umeme. Wenzo wa nguvu ni mmoja, kompyuta inafanya mengine. Turbo inaifanya isichoke kwenye hewa nyepesi, lakini hilo ni la watu wa Wilson walioko futi elfu tano na zaidi. Sisi tuko usawa wa bahari, hewa tunayo ya kumwaga.

Mpaka hapa Ami angesema nimeshawekewa kitu mfukoni na wauzaji. Basi nigeuze sahani.

Injini zinazouzwa leo kwa ndege ndogo, nyingi zimezaliwa kutoka injini ya gari. Ile ya Austro inayokaa kwenye Diamond DA40 NG, na zile za Continental za CD-135 na CD-155, zote asili yake ni Mercedes ya A-Class. Gari dogo la kwendea sokoni. Injini ya gari inataka kuzunguka haraka, propela haitaki. CD-155 ikiwa na nguvu zote inazunguka karibu mara 3,900 kwa dakika, propela mara 2,300, kwa hiyo katikati lazima pawe na giaboksi. Na mpigo wa dizeli si mpole. Kila silinda ikiwaka ni kama mtu amepiga nyundo kwenye meno ya gia. Nimezishika gia za namna hiyo kwenye boti, zilikuwa nene kama nguzo ya mlango wa Lamu, na bado zilikuwa zinaliwa. Hizi za ndege ni nyepesi kwa sababu lazima ziwe nyepesi.

Ndiyo maana Thielert, Mjerumani aliyeanza mchezo huu, alikuwa anataka giaboksi itolewe kila baada ya saa 300. Chuo chenye wanafunzi wa kutosha kinamaliza saa 300 kwa miezi michache. Watu walinunua kwa sababu kampuni iliahidi kubeba gharama. Aprili 2008 kampuni ikafilisika. Ahadi zikafa nayo, bei za spea zikapanda, na vyuo vikabaki na ndege mpya zinazong'aa ambazo haziruki. Cessna waliokuwa wametangaza 172 ya dizeli mwaka 2007 wakaifutilia mbali. Wachina wenye Continental waliiokota ile kampuni mwaka 2013, wakaitengeneza, na leo injini ni nyingine kabisa, hilo lazima niseme. Cessna wakarudi, wakapata cheti mwaka 2017, na mwaka uliofuata wakaitoa sokoni tena. Piper na Tecnam na Diamond bado wamo. Kwa hiyo mtu akiniambia "hii ni teknolojia iliyothibitika", namuuliza, imethibitika kwa nani?

Na kompyuta ile ninayoisifu? Speyer, Ujerumani, Machi 2007: Diamond ya injini mbili ilikuwa na betri imekufa, wakaiwasha kwa umeme wa nje, wakaruka. Walipokunja magurudumu umeme ukashuka kwa kitambo kidogo, kompyuta zikajizima, injini zote mbili zikasimama. Mfumo ulirekebishwa baadaye. Lakini mimi natoka kwenye injini ambazo ukizikatia umeme hazijui kama umezikatia.

Linalonikera kuliko yote, na hapa nazungumza kama fundi, ni kwamba Lycoming ikifika saa 2,000 inafunguliwa. Fundi wa Kikenya mwenye leseni anaipasua mezani, anapima, anabadilisha, anairudisha kazini. Hizi za Continental ikifika saa yake inatolewa nzima, inawekwa nyingine. Hufungui. Unapakia kwenye sanduku, unatuma, unalipa. Dizeli, injini ambayo vijana wa Jomvu wanaijua wakiwa wamefumba macho, inaletwa Mombasa imefungwa kama mtungi wa gesi, na kijana wa Jomvu kazi yake ni kuupokea mtungi. Ndege yenyewe mpya inapita dola laki nne.

Bado naitaka. Nimeshasema kwa nini, na sababu iko Kipevu. Ila Jumatano nilipanda matatu mpaka kwa mwenye chuo, mtu mstaarabu, akanikaribisha chai ya tangawizi na kunitandazia brosha ile ile mezani. Nikamwambia ndege ni nzuri, mafuta yapo, nina swali moja tu: giaboksi ya pili itakaa wapi?

"Hiyo tutaagiza ikihitajika, mzee wangu."

"Inachukua muda gani kufika?"

Akaichukua simu yake juu ya meza, akaanza kuipekua. Nilimaliza chai yangu, bado anapekua.