Mashine iende Mirihi, au mwamba uje nyumbani?

Julai 2024 gari la utafiti la NASA, Perseverance, lilifika kwenye mwamba mwekundu katika eneo la kreta ya Jezero, sayari ya Mirihi. Mwamba huo ulipewa jina la Cheyava Falls. Una vidoa vyenye ukingo mweusi ambavyo wanasayansi waliviita madoa ya chui. Septemba 2025 makala yao ilitoka katika jarida la Nature. Walisema vidoa hivyo vina madini ya chuma aina ya vivianaiti na greigaiti, tena kwenye tope la kale lenye molekuli za kikaboni, na kwamba huenda hiyo ni alama ya vijidudu vilivyoishi zamani sana. Hadi habari inatua kwenye makundi ya WhatsApp ya huku Mtwara, lile "huenda" lilikuwa limeshadondoka njiani. Ikabaki "uhai wapatikana Mirihi", basi.

Uhai haujapatikana. Molekuli ya kikaboni ni ile iliyojengwa juu ya kaboni, na kaboni haina haja ya kiumbe ili ijipange. Gesi ya Mnazi Bay, ambayo karibu yote ni methani, ni ya kikaboni. Mafuta makali ya ganda la korosho yanayounguza vidole vya wabanguaji nayo ni ya kikaboni. Lakini hata miamba ikikutana na maji ya moto ardhini inaweza kutengeneza methani bila bakteria hata mmoja. Kwa hiyo "ipo?" ni swali la kwanza tu. Swali gumu ni "imetoka wapi?", na hapo ndipo wataalamu wamegawanyika. Wapo wanaosema tuendelee kupeleka maabara kwenye mwamba. Wengine wanasema mwamba uletwe maabara.

Tuwasikilize kwanza wa maabara inayosafiri, maana wana rekodi nzuri kuliko inavyodhaniwa. Curiosity, gari jingine la NASA lililotua katika kreta ya Gale Agosti 2012, limebeba mtambo uitwao SAM, wa kilo 40 hivi na ukubwa wa kama mikrowevu. Keekee inatoboa mwamba, unga kidogo unadondoshwa kwenye kikombe, kikombe kinaingia kwenye tanuri. Joto linapanda hadi mamia ya nyuzi na mvuke unasukumwa na gesi ya hiliamu kupita kwenye mrija mwembamba sana wenye urefu wa mita 30. Aliyewahi kuona nipa, ile pombe kali ya mabibo, ikipikwa anajua kwamba vilivyomo ndani ya pipa havitoki vyote kwa mpigo. Mrija huu unafanya ubaguzi huo kwa ustadi mkubwa zaidi, kila molekuli inatoka kwa zamu yake. Mwisho wa mrija molekuli inapigwa kwa elektroni, inavunjika, na vipande vyake vinapimwa uzito kimoja kimoja. Kwa uzito wa vipande unaitambua ilikuwa nini.

Kwa njia hiyo Curiosity lilipata klorobenzini, molekuli ya kikaboni yenye klorini, kwenye mwamba uitwao Cumberland uliotobolewa Mei 2013. Mwaka 2018 ikatangazwa misombo yenye salfa, ile jamii ya thayofeni, kutoka kwenye tope lililogeuka mwamba zaidi ya miaka bilioni 3 iliyopita. Machi 2025 unga uleule wa Cumberland, uliokuwa umehifadhiwa ndani ya gari miaka yote hiyo, ukatoa dekeni, andekeni na dodekeni, minyororo ya kaboni 10, 11 na 12. Hizo ni molekuli za kikaboni kubwa kuliko zote zilizokuwa zimewahi kuonekana Mirihi. Inawezekana zilikuwa asidi za mafuta kabla ya kuchomwa, na asidi za mafuta ndizo zinazojenga ngozi ya seli. Gari moja, zaidi ya mashimo 40 ya keekee, na miaka zaidi ya kumi ya kazi kwa gharama ya kama dola bilioni 2.5 za kulijenga na kulipeleka. Si haba.

Lakini mashine ya mbali ikikosea haisahihishwi kirahisi. Viking mbili, vyombo vya NASA, zilitua Mirihi mwaka 1976, zikachoma udongo hadi nyuzi 500, zikaona methani zenye klorini tu. Wanasayansi wakubwa wakasema hizo ni mabaki ya dawa za kusafishia vifaa, zimetoka Duniani. Mirihi ikaandikwa kuwa haina kaboni ya kikaboni, na hukumu hiyo ikakaa zaidi ya miaka 30. Kisha mwaka 2008 chombo cha Phoenix kikakuta pakloreti kwenye udongo, chumvi ambayo ikipashwa moto hutoa oksijeni na klorini na kuunguza kila cha kikaboni kilicho karibu. Yaani tanuri lenyewe huenda ndilo lililokuwa linateketeza ushahidi. Kurudia kipimo haikuwezekana. Zilikuwepo takwimu za zamani tu, ambazo mwaka 2018 watafiti walizisoma upya na kuonyesha dalili za klorobenzini.

Hata SAM imepata lake. Mtambo umebeba kemikali ya kusaidia kunasa molekuli ngumu kugeuka mvuke, na kikombe kimojawapo kilivuja tangu mwanzo, kikachafua hewa ya ndani. Ilibidi miaka ya hesabu kutenganisha kaboni ya Mirihi na kaboni iliyotoka Marekani. Kuna kemikali nyingine ya kazi ya namna hiyo, na vikombe vyake vilikuwa viwili tu kwa safari nzima. Fundi wa kubadilisha kikombe hayupo.

Na methani ya kwenye hewa ya Mirihi? Curiosity limeipima mara nyingi chini ya sehemu 1 katika bilioni, na mwaka 2019 ikaruka ghafla hadi 21. Chombo cha Ulaya kinachozunguka juu, kilichotengenezwa kwa kazi hiyohiyo, hakijaona kitu. Wapo wanaoshuku kwamba gesi inavuja kutoka kwenye gari lenyewe. Ingekuwa Msimbati, kwenye gesi yetu ya Mnazi Bay, mtu angechukua chupa, akajaza, akapeleka maabara nyingine ugomvi ukaisha.

Nimesema Msimbati, lakini ushahidi wenye uzito zaidi kwa mjadala huu uko upande wa Lindi. Kuanzia mwaka 2002 watafiti wa Mradi wa Uchorongaji Tanzania, wakishirikiana na TPDC, shirika la taifa la petroli, walichoronga kwenye mfinyanzi wa pwani kuanzia Kilwa hadi Mtwara. Ni ule udongo mzito wa kijivu unaoelekea ukijani, ambao kiangazi unapasuka na masika unang'ang'ania viatu. Maji hayapiti ndani yake, na haukuwahi kuzikwa chini sana kiasi cha kupikwa na joto la ardhi. Kwa hiyo magamba ya viumbe vidogo vya bahari yamebaki angavu kama kioo, na nta ya majani ya miti iliyoota mamilioni ya miaka iliyopita ingali imo, molekuli kwa molekuli.

Jinsi wanavyojua kwamba ni nta ya majani ndiyo hoja yenyewe. Mashine ni ya aina ileile, mrija na mizani ya molekuli. Ila hawaangalii mnyororo mmoja, wanaangalia mpangilio. Mimea hutengeneza asidi za mafuta kwa kuongeza kaboni mbilimbili, na katika kuigeuza asidi kuwa nta kaboni moja hupotea. Matokeo yake minyororo yenye idadi witiri, 27, 29, 31, inakuwa mingi kuliko majirani zake wenye idadi shufwa. Mwamba na maji ya moto vikitengeneza minyororo havina upendeleo huo, vinatoa kila idadi kwa mteremko wa kawaida. Kwa hiyo mwenye sampuli ya Kilwa anachora safu ndefu ya vilele na kuona vinapanda na kushuka, kirefu kifupi, kirefu kifupi. Curiosity lina vilele vitatu. Vitatu havionyeshi upendeleo wowote wa kuaminika, na minyororo mirefu zaidi haikuwa rahisi kupita kwenye mtambo ule. Lawama si za mtambo. Ulipelekwa kutafuta kama kaboni ipo, na imeipata.

Upande wa pili unaanzia hapo. Septemba 2023 chombo cha OSIRIS-REx kilileta gramu 121.6 za asteroidi Bennu. Januari 2025 maabara zikatangaza asidi amino 14 kati ya 20 zinazotumiwa na viumbe, pamoja na besi zote tano za DNA na RNA. Tena wakapima mkono: asidi amino nyingi zina umbo la kushoto na la kulia, na viumbe hutumia la kushoto. Za Bennu zilikuwa karibu nusu kwa nusu, hazina mkono wa kiumbe. Jibu la namna hiyo, lenye kukata, linataka vyumba visivyo na vumbi na mashine ambazo hazibebeki kwenye roketi.

Pia sampuli haizeeki. Watu wa Lindi wanalo la kusema hapa. Mifupa ya dinosaria ya Tendaguru ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, zaidi ya tani 200, ikabebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi, na leo mjusi mkubwa amesimama Berlin kwa kimo cha zaidi ya mita 13. Kama ilipaswa kubaki huko ni mjadala wenye hoja nzito. Lakini kisayansi, mifupa ile inaendelea kuchunguzwa kwa mashine ambazo aliyeichimba hakuziota. Mashimo ya Viking hayana bahati hiyo.

Hata hivyo, wa upande huu nao wasijipambe. Mpango wa kuleta sampuli za Mirihi ulifika makadirio ya dola bilioni 11, na Aprili 2024 mkuu wa NASA wa wakati huo, Bill Nelson, alikiri kwamba bei hiyo ni kubwa mno na kuzisubiri hadi 2040 ni kuchelewa mno. Kirija chenye kipande cha mwamba wa Cheyava Falls bado kiko huko. Zaidi ya hayo, mwamba mkononi haumalizi ubishi. Kimondo cha ALH84001, kilichotoka Mirihi na kuokotwa Antaktika mwaka 1984, kilitangazwa mwaka 1996 kuwa na dalili za vijidudu, hadi Rais Clinton akasimama kukizungumzia. Sehemu ya kaboni yake ikaonekana baadaye kuwa uchafu wa barafu ya Dunia, na mwaka 2022 utafiti ukaeleza kaboni nyingine kuwa kazi ya maji na mwamba. Miaka 26 kwa jiwe moja.

Ndiyo, lakini hoja ilisogea kwa sababu jiwe lilikuwepo. Kwa Mirihi, basi, niko na wanaotaka mwamba uje, hata ukiletwa na China, ambayo inapanga kurusha Tianwen-3 mwaka 2028 hivi na kurudi na sampuli mwanzoni mwa miaka ya 2030. Gari la Ulaya, Rosalind Franklin, lenye keekee ya kufika mita 2 chini, chini ya mionzi inayokatakata molekuli, litasaidia kujua wapi pa kuchimba.

Kwa Titan, mwezi wa Zohali, hesabu ni nyingine. Joto lake ni nyuzi 179 chini ya sifuri, na hakuna anayepanga kuleta kitu kutoka huko kwa sasa. Dragonfly, itakayoruka kama droni kubwa kwenye hewa nzito ya Titan, inatarajiwa kuondoka 2028 na kufika 2034 ikiwa na spektromita ya tungamo, ile mizani ya molekuli. Huko mashine iende, na ikiwezekana ibebe vikombe vingi kuliko vya SAM.