Kilo 94 na Mizani Yenye Mdomo

Aliyefunga spika kwenye mizani ana ugomvi na binadamu. Gari la mnada lifungwe spika, sawa. La kutangaza mkutano, sawa. Lakini chombo cha kumpimia mtu mzima kilo zake, kimewekwa pembeni ya stendi ya Moshi saa nne asubuhi, abiria wa Rombo na Machame wamekaa wanasubiri Haisi zijae, halafu kinapaza sauti ya dada mpole: "Uzito wako ni kilo tisini na nne"? Hapana. Kama ni lazima kiongee, kininong'oneze.

Na wala si habari mpya. Ni 94 tangu masika. Mvua zimekata, baridi ya Julai imeingia, watu wameshaanza kuvunja mahindi, mimi 94.

Nilianza na 103, muulize yeyote pale Pasua. Zile za mwanzo zilitoka mbio mpaka nikaanza kuwaangalia wenye vitambi kwa huruma. Kwenye vikao vya harusi nikawa nashauri watu wazima wenzangu. Nikapeleka sifa zangu kwa daktari, naye akanieleza, taratibu, kwamba kilo za wiki zile za kwanza nyingi zilikuwa maji. Mwili unaweka akiba ya wanga kwenye ini na kwenye misuli, na kila gramu moja ya akiba hiyo inashikilia kama gramu 3 za maji. Ukikata ugali, akiba inatumika, maji yanakosa pa kukaa, yanaelekea chooni. Yaani nilikuwa napokea hongera mtaa mzima kwa ajili ya mkojo.

Na hizi zilizogoma? Akasema mwili ukishapungua, matumizi yake nayo yanapungua. Sahani iliyokuwa inakukondesha ukiwa na 103, ukifika 94 inakutosha kabisa. Tena ukila kidogo, wenyewe unapunguza mikikimikiki bila kukuambia: unakaa zaidi, hata mguu uliokuwa unauchezesha chini ya meza unatulia. Nikamwuliza, kwa hiyo mwili wangu umejifunza kubana matumizi? Akasema ndiyo. Mwili huu huu! Ukipewa elfu kumi asubuhi, jioni hauna nauli ya kurudi nyumbani, leo ndio unajua kubana matumizi.

Basi leo nikajiandaa kwa heshima zote. Sikunywa chai. Yule kijana wa mizani akaniita, "Meku, panda, mia tano tu." Nikavua viatu. Nikavua koti. Nikatoa funguo, simu, pochi, kitambulisho. Nikafungua mkanda, maana bizimu lake ni la chuma. Kijana akaanza kupata wasiwasi. "Mzee, inatosha, hapa ni stendi." Konda aliyekuwa ananing'inia mlangoni akasema, "Mangi, toa na meno." Nikampuuza. Nikapanda, nimeshika suruali kwa mkono mmoja, tumbo nimelivuta ndani, pumzi nimebana, kama mtu anapigwa picha ya pasi ya kusafiria.

Dada wa kwenye spika akasoma yote. Kilo tisini na nne nukta mbili. Urefu sentimita mia moja sitini na nane. Akatulia kidogo, akamalizia kwamba nina unene uliopitiliza na nizingatie ushauri wa daktari. Stendi nzima ikageuka. Hata mpiga debe wa Marangu, ambaye tangu nimfahamu hajawahi kunyamaza, alinyamaza.

Nikasema mizani imekaa kwenye mteremko. Kijana hakubisha, akaihamishia kwenye zege. Mia tano nyingine. Tisini na nne nukta nane. Umati ukashangilia! Nikasema hiyo mashine ni mbovu, nikataka ipimwe yenyewe. Mama wa duka la jirani, ambaye sikumwita, akatoa mfuko wa sukari wa kilo 25 na mtoto wa kuubeba. Ukapandishwa. Dada akasema kilo ishirini na tano, wala hakuutukana. Duka zima likageuka kuwa shahidi wa mizani.

Hapo sasa kila mtu akawa bingwa wa lishe. Mama wa ndizi mbivu: kunywa ndimu na maji ya moto kabla ya kulala. Mwenzake: wewe, ndimu itamtoboa, achemshe tangawizi. Mzee mmoja mwenye bakora akanisogelea, akanishika bega kwa upole. "Kijana wangu, kwani unaumwa nini?" Siumwi, meku, shikamoo. "Marahaba. Sasa kama huumwi unajikondesha ili iweje? Nyumbani watajua wamekunyima." Bodaboda akapiga honi: "Huyu akipanda kwangu ni mishikaki peke yake!" Na yule konda, bila kucheka hata kidogo, kwa sauti ya biashara: "Machame, meku? Siti mbili zipo."

Kisha akapanda binti mmoja mwembamba, na mkoba wake begani, na viatu vyake vya soli nene, na simu mkononi anaongea. Kilo hamsini na nne. Dada wa spika akampa hongera.

Nikapewa na karatasi yangu, imeandikwa 33.4. Hiyo namba ni kilo unazigawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Ukivuka 30 umeshaitwa jina. Nimefuatilia: hesabu hiyo aliipanga Mbelgiji mmoja, Adolphe Quetelet, miaka ya 1830. Hakuwa daktari. Alikuwa mtu wa nyota na takwimu, anamtafuta binadamu wa wastani. Binadamu wa wastani! Angekuja Kiborloni siku ya soko akamtafute vizuri, tena baada ya supu.

Maana nani anadayati Uchaggani? Msibani ukikataa sahani unaulizwa una neno gani na wafiwa. Harusini wanaingiza ndafu, mbuzi mzima na majani mdomoni, unaitwa kwa jina kwenye kipaza sauti uje ulishwe. Jumapili kipaimara. Jumapili inayofuata kipaimara cha wa jirani. Mbege nilishaiwekea utetezi: ndizi ni tunda, ulezi ni lishe, ubaya uko wapi? Daktari akasema pombe ina kalori 7 kwa gramu, ikae kwenye kata au kwenye glasi. Nyumbani mama watoto anasema ananipikia mchicha tu. Ndiyo, ni mchicha, lakini unaogelea. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni kalori kama 120, na mama watoto hapimi kwa kijiko, anapima kwa mlio wa sufuria. Parachichi nalo limezaa mwaka huu mpaka matawi yanainama, nitaliachia popo?

Kijana wa jimu ya mtaani yeye anasema niongeze vyuma. Kila kitu kwake ni vyuma. Mkewe amejifungua juzi, nadhani na mtoto ataongezewa vyuma.

Mimi ni mtu mzima. Nina familia, ni mjumbe wa kamati ya maji, na sitaki kupandisha sauti. Lakini jamani! Mtu unalala tumbo linaita majina ya vyakula, unaamka saa kumi na moja na ubaridi huu, unakimbia Shanty Town unafukuzwa na mbwa waliokula vizuri kuliko wewe, unapitwa na vijana wa Kilimanjaro Marathoni wanaongea huku wanakimbia, wanaongea! Unarudi, unakula yai moja. Yai moja, na maganda yake yote mezani ili ulione ni jingi. Halafu 94. Hata 93.9 imeshindikana, ya kunitia moyo tu? Na presha imeshuka, daktari amefurahi, kaandika kwenye kadi. Mbona hiyo haina spika? Mbona hakuna anayesimama stendi akatangaza presha ya mzee imeshuka, mpisheni?

Jioni nikakaa barazani, mawingu yakafunguka, Kibo huyo hapo. Barafu yake tangu 1912 imekwisha kwa zaidi ya asilimia 80. Watu wanalia, wanakuja na vipimo, wanasikitika mlima unapungua. Nikautazama kwa wivu ambao si wa Kikristo.

Tatizo kubwa sasa ni suruali. Za 103 nilizipeleka zote kwa fundi nikiwa na furaha, nikasema kata, usiache hata upindo, huko sirudi. Za namba mpya Kiborloni ni ghali kwa sababu ndizo vijana wote wanazogombania. Namba 40 kule zinalala mpaka jioni, unauziwa kwa bei ya bure na muuzaji anakushukuru. Hakuna anayekuambia hili unapoanza. Na fundi mwenyewe ana kitambaa changu cha suti tangu Pasaka. Ukimpigia, njoo Ijumaa. Ukienda Ijumaa, umeme umekatika. Ukirudi, cherehani anayo mdogo wake. Jana nimemkuta, amekaa, anakula muwa, nikamwuliza hiyo Ijumaa ni ya mwaka gani. Akafuta mikono, akashusha futi shingoni, akasema ngoja kwanza nikupime upya, vile vipimo mtoto alichorea. Na nusu ya hela nimeshampa.