Lori haliambiwi likaze

Wiki niliyoumia mgongo, lori la kampuni nalo lilikuwa bovu, breki hazishiki. Fundi akafunga kipande cha boksi kwenye usukani: USIWASHE. Siku tisa hakuna aliyeligusa. Hata bosi akipita alilizunguka.

Mimi nilikuwa na karatasi ya daktari, imegongwa muhuri: ED, yaani ruhusa ya kutokwenda kazini, ya siku saba, kisha wiki sita za kazi nyepesi, nisinyanyue kinachozidi kilo 5. Siku ya nane nikaikabidhi. Msimamizi akaisoma, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati. "Sawa, mjomba. Ila leo kuna gari mbili za kushusha."

Kwa asiyezijua kazi za ghalani hapa Tanga, mfuko wa saruji ni kilo 50.

Hakuniamuru, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Angeniamuru ningekuwa na la kumjibu. Ikawa "tunasaidiana tu", ikawa "wenzio wamechoka". Jamaa ninayekula naye mihogo kila saa nne akacheka: "Mgongo gani huo, mbona baiskeli unapanda?" (Nilikuja na daladala, lakini nani aliuliza.) Nilibeba minne. Wa tano niliuacha katikati ya ubao, nikashuka kwa magoti.

Msiniambie hatuna sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, zilizobaki nusu. Aliyeumia kazini ana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na anayeuchangia ni mwajiri. Ila karatasi ya daktari ikishavuka geti inageuka ombi, na anayelipima ombi hilo ni mtu anayehesabiwa magari aliyoshusha. Msimamizi wetu si mbaya. Na yeye anagombezwa. Ndiyo maana naona karatasi hiyo isipitie kwake kabisa. Iende ofisini, isainiwe, yeye apewe taarifa tu kwamba fulani habebi, kama alivyopewa ya lori.

Nilipoanza kufuatilia, nikamwomba ile karatasi. Akasema shati limeshafuliwa. Nilirudi kwa daktari kuandikiwa nyingine, na safari hii mke wangu alinipitisha kwanza stationari, tukatoa kopi tatu.