Yangeyange na mama wa bidoni

Kazi yangu ni picha za harusi na za pasipoti hapa Goma. Bibi harusi haruki ukimkaribia, na wa pasipoti ukimwambia asipepese jicho, hapepesi. Basi rafiki yangu aliposafiri akaniachia lenzi yake ya milimita 400, ile ya kuvuta vya mbali, nimtunzie, nikajiona mpiga picha wa ndege.

Nilikuwa nimeshamvizia mmoja kando ya Ziwa Kivu, kule ambako lava ya volkano ya Nyiragongo iliingia majini mwaka 2002. Yangeyange mdogo, mweupe kama kanzu ya Idi, miguu myeusi, nyayo za njano kana kwamba amevua viatu akasahau soksi. Husimama kwenye maji haba, anatikisa mguu mmoja kukoroga chini. Kidagaa akishtuka tu, kwisha habari yake.

Wajuzi husema ndege wa majini umpige picha ukiwa usawa wa jicho lake. Nikalala kifudifudi juu ya lava. Atakayekuambia jiwe la Nyiragongo linalalika, muulize suruali yake iko wapi. Yangu ilipasuka kutoka mfukoni hadi gotini, nami nikatulia vivyo hivyo, miguu imo majini, pumzi nimeibana, nabonyeza tu.

Nyuma yangu bidoni, dumu la kuchotea maji, ikaanguka.

"Kuko mutu amekufa huku! Mukuje! Mayi imemutupa!"

Ningejibu, lakini yangeyange ndiyo kwanza amenasa kitu. Nikanyamaza. Kijana mmoja akaacha chukudu yake, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, akaja kunivuta mguu. Nikageuka ghafla, kidole kingali kwenye kitufe, kamera inalia mfululizo, ndege anapita juu ya vichwa vyetu. Mama, hatua kumi hivi kutoka nilipo, akapiga yowe la pili kubwa kuliko la kwanza, maana sasa maiti imegeuka.

"Weye, uko muzima?"

"Niko muzima, mama. Napiga ndege picha."

"Ndege gani?"

Hakukuwa na ndege.

Nyumbani nikafungua picha 286. Lava ilitoka vizuri mno, kila tundu linaonekana. Ndege sasa! Kamera iliona weusi umejaa, ikaongeza mwanga kuusawazisha, yangeyange akaungua akawa doa tupu. Ilinipasa kupunguza mwanga mwenyewe kabla ya kupiga. Harusini, shela jeupe likiwa karibu na suti nyeusi, hufanya hivyo bila hata kufikiri. Nikateremsha mwangaza kwenye programu: doa jeupe likawa doa la kijivu, kwani palipoungua hapana unyoya wa kurudisha. Nikaongeza ukali: akaota ukingo mweusi kama katuni. Saa nane usiku umeme ukakatika, nikashukuru.

Picha iliyofaa ni moja, ya yule mama. Mkono kinywani, macho yamemtoka, maua ya kitenge chake unaweza kuyahesabu. Habari zikamfikia, Jumamosi akaja studio na dada zake wawili. Aliitazama muda mrefu akicheka, akataka ya ukubwa wa kutundika ukutani.

"Ila papa, utoe ile mufuko ya plastiki inaruka huku nyuma. Inaniharibia picha."

Nikatazama kidole chake kilipogusa. Mfuko ulikuwa na nyayo za njano.

Nikautoa. Dakika tatu tu. Kazi hiyo programu yangu inaiweza.