Gaza: unga majumbani au mkate wa bekari?

Mei 2025, Israel iliporuhusu tena unga kidogo kuingia Gaza, bekari chache zilizofufuliwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) zilizidiwa na umati, zikafungwa baada ya siku chache. Wenye bekari wenyewe wakataka unga ugawiwe moja kwa moja kwa familia.

Hoja yao ina uzito. Foleni ya mkate vitani ni shabaha: Agosti 2012, Human Rights Watch lilisema angalau bekari 10 zilishambuliwa mkoani Aleppo, Syria, ndani ya wiki tatu. Halafu mzee wa mkongojo hafiki dirishani hata akiamka alfajiri.

Lakini mfuko wa kilo 25 bado si mkate. Unadai chumvi, hamira, maji safi na moto, na huo moto ndio wanaousahau. Mipaka ilifungwa Machi 2, 2025. Kufikia Machi 8, bekari 6 kati ya 25 zilizosaidiwa na WFP zilikuwa zimezimika kwa kukosa gesi ya kupikia, huku wenzao wakiendelea kuoka. Zote 25 zilikuwa zimefunga mwisho wa mwezi. Sasa, ikiwa bekari inayobebwa na shirika la Umoja wa Mataifa ilikosa gesi ndani ya wiki moja, mama aliye hemani angeipata wapi? Alichoma mbao za kabati, kadibodi, hata plastiki, akigeuza chapati kwa mkono mmoja na kupangusa macho kwa mwingine. Tanuri kubwa likishashika moto huoka mkupuo baada ya mkupuo. Meko elfu za hemani kila moja huanza na baridi yake. Hesabu hiyo ya kuni sijaona anayeifanya.

Kwangu mimi, lawama ya foleni ni ya dirisha moja la kuuzia, tanuri halina kosa. Baada ya usitishaji mapigano wa Oktoba 2025, mkate ulifungwa vifurushi vya kilo mbili ukapelekwa kwa wauzaji wa rejareja na kwenye makazi ya waliohama. Je, Mei ingewezekana? Kwa malori yale machache, sidhani. Mkate ukiwa haba kiasi hicho, hata maduka mia yangevunjwa, na mwenye bekari aliyefunga mlango simlaumu. Ila kufunga kwake kulitokana na uchache wa malori, na familia kupewa mfuko wa unga bila mtungi wa gesi kusingeongeza hata lori moja.